Pini za Hadia

Kwa chaki ya fundi nimeichora Kanada
juu ya bitana ya kahawia, yadi mbili na nusu,
ukutani, hapa Barabara ya Nane, Ngamiani,
baina ya kalenda na gauni la bibi harusi
ambaye hajaja kulichukua tangu Mfungo Sita.
Kaskazini imenishinda:
visiwa vimechanikachanika
kama pindo lililotafunwa na panya.

Kila Jumapili, kwake asubuhi, kwangu magharibi,
Hadia hunitumia sauti: "Baba, chomeka."
Nami huchomeka.
Pini nyekundu Yukon, nyekundu Manitoba,
Labrado nyekundu.
Nyeupe kule juu kabisa, Nunavut,
waliko weupe kama chumvi, wasiojua mti ni nini.
Buluu ufukwe wa magharibi: hawa, anasema,
huogelea kisiwa hadi kisiwa, huvua samaki mtoni,
hula kichwa, kiwiliwili wanaacha.
"Kichwa tu? Basi hao ni watu wa hapa,
wanajua utamu ulipo."
Akacheka hadi sauti ikakatika.

Mbwa mwitu.
Mbelwa, muuza vifungo, akauliza:
"Si wale wa Mkomazi, wenye madoa,
masikio kama visahani?"
Si wale. Lugha yetu iliwapa jina moja
kwa kuwa haikutarajia
watakuja kukutana dukani kwa fundi.

Nova Skoshia haina pini. Nyufaundlandi haina.
Nilidhani amesahau.
"Hapo hakuna, Baba. Walikuwapo.
Kila kichwa kiliwekewa bei, wakaisha."
Nimepaacha hivyo, bitana tupu.
Wateja wakija kupimwa huuliza penye tupu,
penye pini hawaulizi.

"Mnawahesabuje wasiotaka kuonekana?"
Kwa nyayo kwenye theluji. Kwa mavi.
Kwa ndege ndogo inayotapisha.
Na usiku mwingine husimama kando ya barabara,
huweka viganja mdomoni, hulia kama wao,
kisha hunyamaza, husikiliza nani anajibu.
"Ila wanadanganya, Baba.
Wawili wakilia, utaapa ni kumi."

Nilimkumbuka karani wa sensa na kishikwambi chake:
wangapi walilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Nikasema wawili.
Akatazama kitanda. Akatazama kikombe.
"Waliolala, baba," akasema kwa adabu,
kidole kikafuta.

Kulikuwa na jike, namba arobaini na moja,
miaka miwili, mkanda wa redio shingoni.
Januari aliacha kundi lao,
akavuka reli, mito iliyoganda, shamba la mtu,
kilomita mia sita, peke yake.
Hadia alimfuata kwenye kioo, nukta baada ya nukta,
nami nikamfuata kwa chaki,
nikiwa na suruali ya watu kwenye cherehani.
Machi mkanda ukanyamaza.
"Betri, labda," akasema.
"Labda," nikasema.
Sikumwuliza rangi ya pini hiyo.
Nilichomeka sindano, haina uzi.

Sasa Jumapili mbili, sauti haijaja.
Betri, labda.
Leo umeme umekatika kuanzia Chumbageni,
barabara zote za namba zimekuwa moja.
Nimerudishia mlango, nimeshika simu,
nimeweka kiganja mdomoni,
mimi, fundi Shekue, miaka thelathini na moja
ya suti za Idi na sare za shule,
nikalia.
Vibaya, mwanzoni. Kama mtu aliyejidunga.
Kisha vizuri.
Nikatuma.

Huko nje mbwa wa sokoni wakajibu,
wa Makorora wakapokea,
na mmoja mbali, upande wa reli.
Nikawahesabu gizani, kwa chaki, juu ya meza:
saba. Tisa.
Au wawili tu.